Kanzu ya Melimeli Itundikwe Kwenye Nini?

Kanzu ya melimeli niliyoonyeshwa Mji Mkongwe, Zanzibar, ilikuwa na matundu mawili, moja kila bega, pale pale ncha za hanga zilipoishia. Pembeni mwa moja, kutu imechora duara. Hanga ile ilinunuliwa kwa bei ya chee, na kanzu haitarudi tena.

Wengi wanaoonyesha nguo za kale hukimbilia sanamu za kuvalishia magauni, kama zile za maduka ya Darajani. Zinapatikana haraka, na iliyotumika haina bei kubwa. Ila mabega yake mapana, mkono umekunjwa, na nguo lazima ivutwe mpaka ikubali. Uzi uliochoka huachia hapo hapo.

Kwa kanzu mimi nachagua ufito usio wa mbao. Kanzu hukatwa bapa, mikono imenyooka. Haidai umbo la mwili. Pitisha ufito kutoka mkono mmoja hadi wa pili, baada ya kuuzungushia pamba ya poliesta na kuuvika marekani. Uzito wote unatandazika mabegani na mikononi. Unalipia ufito, pamba kidogo na mita mbili za kitambaa, na hata ungekuwa na fedha za kuagiza umbo la kuvalishia kutoka Ulaya, nguo hii isingekaa vizuri zaidi. Marekani yenyewe, jina tulilobaki nalo tangu shehena za pamba za Massachusetts karne ya 19, ifuliwe kwa maji moto mpaka kanji yote itoke, kwani kanji huita wadudu. Usitie buluu.

Suruali ya marinda ni habari nyingine. Inataka kiuno na miguu, na hapo fedha zitatoka. Sponji ya godoro ni rahisi na hukatika kwa kisu cha jikoni, lakini kwa joto na unyevu wetu, unaopita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, hugeuka manjano, ikawa unga unaonata. Utalipa tena kutengeneza umbo, na fundi wa kusafisha nguo utamlipa zaidi. Povu la polithini ni ghali, mara nyingi la kuagiza, ila hudumu. Ulijue kwa mkono: likunje, litapinda bila kumwaga punje. Lile la katoni za friji huvunjika punje punje, liache. Pima nguo, si mtu, kisha chonga umbo dogo kuliko nguo na ujazie kwa pamba. Kwa mkao, itazame picha ya Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyopigwa Hamburg akiwa na mavazi ya kwao.

Mbao zibaki chini, kwenye kitako cha umbo. Mvuke wake una asidi, na ubao wa unga uliogandishwa kwa gundi ni mbaya zaidi.

Viatu havili fedha nyingi. Mitalawanda husimama yenyewe; usiijazie kitu. Makubadhi yanataka kipande chembamba cha povu chini ya ukanda, kisionekane, ngozi isilale.

Kama bajeti inakubana, lipia kwanza kinachogusa nguo, na uzito wa kitako uupunguze. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, ilipoporomoka 25 Desemba 2020, swali langu la kwanza kwa fundi ni hili: siku ya dharura, mtu mmoja ataweza kuishusha nguo hii ngazini, pamoja na umbo lake, bila kuivua?