Uraia na Kazi ya Serikali: Habari za Vijana Waliozaliwa Kenya na Wazazi Wageni

Mtu akiomba kazi katika afisi ya Serikali, swali la kwanza katika fomu huwa ni jina lake, na karibu yake lipo swali la uraia. Wengi hulijibu bila kuinua kalamu. Lakini wako vijana ambao kwao swali hilo dogo lilikuwa kizingiti kirefu kuliko mtihani wenyewe. Vijana hao walizaliwa Nairobi, Kisumu, Nakuru na miji mingine ya Kenya, wakasomea hapa, na wengine walisema Kiswahili kabla ya kusema lugha ya baba zao. Hata hivyo, mwaka wa 1963 walijikuta wageni mbele ya meza ya karani. Sheria iliyowapata ilikuwa ya tarehe na karatasi, nao wengi walikosa kazi si kwa kukosa elimu bali kwa kuchelewa.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kukumbuka namna kazi za Serikali zilivyokuwa zamani. Kabla ya Uhuru zilipangwa kama ngazi ya watu wa rangi tatu. Juu walikaa Wazungu, wengi wao wakiwa wametumwa kutoka Uingereza. Katikati walikuwapo Wahindi na Wagoa, walioshika vitabu vya hesabu, forodha na hazina. Chini walikuwa Waafrika, makarani wadogo na matarishi. Tume ya Holmes ya mwaka wa 1948 ilikubali hata kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile moja. Tume ya Lidbury ndiyo iliyopendekeza mwaka wa 1954 kwamba mishahara isipimwe tena kwa rangi. Walakini tume haiwezi kuwaondoa watu vitini kwa siku moja, na ngazi ile ilibaki vile vile kwa miaka kadhaa.

Katika siku hizo hapana aliyemwuliza mtoto wa karani wa Kigoa juu ya uraia wake. Alijua kwamba akifaulu mtihani wa Cambridge, yaelekea atapata kiti karibu na kile alichokalia baba yake. Wote walikuwa chini ya bendera moja, na hiyo ilitosha.

Tarehe 12 Desemba, 1963, bendera ile iliteremshwa, na Katiba mpya ikaeleza nani raia wa Kenya. Maneno yake yalikuwa machache. Aliyezaliwa Kenya, naye akiwa raia wa Uingereza na Makoloni yake au mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, alikuwa raia wa Kenya siku ile ile bila kuomba, mradi mmoja wa wazazi wake awe amezaliwa Kenya pia. Asiye na mzazi aliyezaliwa hapa hakufukuzwa. Alipewa haki ya kuandikishwa kuwa raia, lakini sharti aombe kabla ya tarehe 12 Desemba, 1965. Alipewa miaka miwili tu.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1962 ilionyesha Wahindi na Waasia wengine zaidi ya 176,000 katika Kenya, na Wazungu zaidi ya 55,000. Katika nyumba nyingi za watu hao sheria ile iliingia na kuwagawanya ndugu.

Tuseme kijana mmoja alizaliwa Nairobi katika Januari, 1945. Baba yake na mama yake walizaliwa Gujarat. Jirani yake, rika lake, aliyesoma naye darasa moja, pia ana baba aliyezaliwa Gujarat, lakini mama yake alizaliwa Kisumu. Usiku wa kuamkia Uhuru jirani yule alilala, na alipoamka alikuwa raia wa Kenya, wala hakuandika hata barua. Kijana wetu aliamka akiwa na haki ya kuomba tu.

Tena hata kuomba hakuweza mwenyewe. Katiba ilisema kwamba asiyetimiza miaka 21 haombi kwa mkono wake. Mzazi wake au mlezi wake ndiye amwombee. (Msichana aliyekwisha kuolewa aliruhusiwa kujiombea, hivyo dada yake mwenye miaka 18, akiwa na mume, alikuwa na uwezo ambao kaka hana.) Sasa msomaji na ahesabu. Kijana aliyezaliwa Januari, 1945, alitimiza miaka 21 katika Januari, 1966. Mlango ulikuwa umefungwa mwezi uliotangulia. Kwa miaka yote miwili ile, maisha yake katika kazi ya Serikali yalikuwa katika kalamu ya baba yake.

Na tuseme zaidi kwamba mama yake alizaa mtoto mwingine mwaka wa 1964, katika mji ule ule. Katiba ya wakati ule ilisema kwamba anayezaliwa Kenya baada ya tarehe 11 Desemba, 1963, ni raia tangu kuzaliwa, isipokuwa watoto wa mabalozi na wachache wengine. Basi mtoto mchanga alikuwa raia, na kaka yake mwenye cheti cha Cambridge hakuwa. Jambo hili lilidumu mpaka mwaka wa 1985, Katiba iliporekebishwa ili kuzaliwa hapa peke yake kusitoshe tena. Sharti mzazi mmoja awe raia.

Kwa nini baba hakutia sahihi mara moja? Wako waliosema kwamba ni kwa dharau, kwamba watu wale walitaka kula matunda ya nchi bila kuilimia. Labda wengine walikuwa hivyo. Lakini mtu akitazama vizuri ataona sababu ambazo mkulima yeyote mwenye shamba moja na watoto sita angezifahamu. Kenya haikukubali uraia wa nchi mbili. Aliyeandikishwa ilimpasa kula kiapo cha utii na kuukana uraia wake wa kwanza, na pasi ya Kiingereza ilionekana wakati ule kama akiba isiyooza. Mtu hauzi ghala lake kabla ya kujua mvua ya kwanza itanyeshaje. Kwa hiyo baadhi ya jamaa waligawanyika kwa makusudi. Mwana mmoja alichukua uraia wa Kenya ili ashike duka au kazi, wa pili akabaki na pasi ya Kiingereza, na mzee akiwa na ndugu India akaacha mambo yake kama yalivyokuwa. Wengi walingoja miezi ya mwisho, na wengine wakangoja mpaka siku zikaisha.

Wagoa walikuwa na shida yao ya pekee. Goa ilikuwa ya Wareno mpaka Desemba, 1961, India ilipoitwaa kwa majeshi. Karani aliyezaliwa Goa na kuitumikia Serikali ya Kiingereza kwa miaka 20 huenda hakuwa Mwingereza kwa sheria hata siku moja, alikuwa Mreno. Mtoto wake aliyezaliwa Nairobi alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni kwa kuzaliwa katika Koloni. Baba na mwana walioketi katika afisi moja walikuwa na milango miwili tofauti ya kupitia.

Wazungu nao hawakusalimika kwa kuwa Wazungu. Mjukuu wa mlowezi wa Nakuru au Nanyuki, ambaye baba yake alizaliwa Kenya, alikuwa raia wa Kenya siku ya Uhuru bila kuomba, kama yule jirani mwenye mama wa Kisumu. Lakini kwa ajili ya babu yake aliyezaliwa Uingereza alibaki pia raia wa Uingereza, na sheria ilimtaka achague moja. Mtu mzima ambaye hakuukana ule wa Uingereza kabla ya tarehe 12 Desemba, 1965, aliupoteza ule wa Kenya. Mwenzake aliukosa uraia kwa kutoomba. Huyu aliupoteza kwa kunyamaza.

Waliochagua mapema waliweza kufika mbali. Chanan Singh alizaliwa Punjab, akaja Kenya angali kijana na kufanya kazi katika reli, akasoma sheria, na baada ya Uhuru akawa Jaji wa Mahakama Kuu. Bruce McKenzie, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, alikuwa Waziri wa Kilimo wa Kenya mpaka mwaka wa 1970. Wote wawili hawakuzaliwa hapa.

Hata hivyo si kweli kwamba cheti cha uraia kilimtosha kila kijana. Baada ya Uhuru haja kubwa ya Serikali ilikuwa kuwapandisha Waafrika waliozuiliwa kwa muda mrefu, na hapana karani Mwafrika aliyekumbuka zile sehemu tatu katika tano ambaye angeona haja hiyo kuwa si ya haki. Lakini raia wa Kihindi aliyekwisha kukana pasi yake aliweza kupitwa na mwenzake na asijue kama amepitwa kwa kazi au kwa rangi. Katika Tanganyika Mwalimu Nyerere alilikata jambo hili mapema. Katika Januari, 1964, alitangaza kwamba katika kuajiri na kupandisha watumishi wa Serikali raia wote watahesabiwa sawa, bila kutazama rangi. Kenya lilibakia likibishaniwa kwa miaka mingi, wengine wakisema kazi ziwe za Waafrika, wengine wakisema ziwe za raia.

Asiyekuwa raia alibaki na njia ya mkataba. Angeweza kuajiriwa kwa muda uliowekwa, na muda ukiisha akasubiri kuona kama utaongezwa. Kijana wa Januari, 1945, angeweza bado kuomba uraia baadaye kama mkazi, lakini sasa aliomba hisani, wala si haki. Waziri angeweza kukubali au kukataa. Kisha ikaja Sheria ya Uhamiaji ya mwaka wa 1967, iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo, ikamtaka kila asiye raia awe na kibali cha kufanya kazi. Wengi walipakia masanduku kwenda Uingereza. Ndipo ile akiba isiyooza ilipoonekana kuwa imeoza. Katika Machi, 1968, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia watu wenye pasi zake wasio na mzazi au babu wa huko, na kuwakubali wakuu wa jamaa 1,500 tu kwa mwaka kutoka nchi zote zilizohusika. Kijana yule aliweza kuwa na pasi mkononi na asiwe na nchi ya kumpokea wala afisi ya kumwandika.

Katiba ya tarehe 27 Agosti, 2010, imeligeuza jambo hili upande wa pili. Siku hizi wanaouliza zaidi habari za uraia na kazi ya umma ni watoto wa Wakenya waliokwenda ng'ambo, wanaotaka kurudi kutumikia nchi ya wazazi wao. Kwa Katiba ya zamani mtoto aliyezaliwa nje alikuwa raia kwa baba yake tu. Mama Mkenya aliyezaa London hakuweza kumpa mwanawe uraia wake. Sasa mama au baba, yeyote kati yao, anatosha, na raia wa kuzaliwa anaweza kuwa na uraia wa nchi nyingine asiupoteze wa Kenya. Mgeni anayeishi hapa kwa halali anaweza kuomba kuandikishwa baada ya miaka saba mfululizo.

Lakini kizingiti hakikuondolewa chote. Kifungu cha 78 chasema kwamba hawezi kuchaguliwa wala kuteuliwa kuwa afisa wa dola asiyekuwa raia wa Kenya, na kwamba afisa wa dola au askari wa majeshi ya ulinzi hatakuwa na uraia wa nchi mbili. Majaji na wajumbe wa tume wameachiliwa, na vile vile yule aliyefanywa raia wa nchi nyingine kwa sheria ya nchi hiyo bila ya kuwa na njia ya kuukataa. Kijana aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Kiambu, akitaka kuvaa sare ya jeshi la Kenya, hana budi kwanza kuukana uraia wa Marekani. Tofauti moja ni kwamba huukana mwenyewe, wala hakuwekewa siku kama ile ya Desemba, 1965.