Tenke: kadi ya mchimbaji madini haivuki mpaka wa jimbo

Tenke ni njia panda. Reli inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapo: moja inaelekea Kamina, nyingine inakwenda Kolwezi hadi Dilolo, karibu na Angola. Watafutaji wa kazi ya madini nao wanapita humo, wakiwemo wanaotoka Likasi, Lubumbashi na Kasai. Lakini kadi zao za uchimbaji hazisafiri pamoja nao.

Hadi 2015, Likasi na Tenke zilikuwa katika jimbo moja la Katanga. Mwaka huo Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne. Likasi ikabaki Haut-Katanga, Tenke ikaingia Lualaba. Dereva wa lori anavuka mpaka huo kwa permi yake ileile, kwa sababu permi ni ya nchi nzima. Kwa mchimbaji wa mikono, mambo ni tofauti.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema kadi hutolewa na viongozi wa jimbo kwa Mkongomani mtu mzima aliye mwanachama wa koperative iliyokubaliwa na serikali. Inadumu mwaka mmoja, na inatumika tu katika eneo la uchimbaji ambalo imetolewa kwa ajili yake. Hivyo hata ndani ya Lualaba, kadi ya eneo moja haimruhusu mtu kuchimba eneo lingine.

Utaratibu huo una maana yake. Unasaidia kujua nani yuko shimoni, madini yametoka wapi, na kama kina cha mita 30 kilichowekwa na sheria kinaheshimiwa.

Shida ya Tenke ni ardhi. Kampuni ya Tenke Fungurume Mining, ambayo asilimia 80 ni ya CMOC ya China na 20 ya Gécamines, ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,500. Sheria inakataza kufungua eneo la wachimbaji wa mikono juu ya ardhi yenye hati halali ya madini. Anayeingia humo, hata akiwa na kadi mfukoni, ni mvamizi. Juni 2019 jeshi lilitumwa kuwaondoa wachimbaji. Mwezi huohuo, tarehe 27, mgodi mmoja karibu na Kolwezi uliporomoka na kuua wachimbaji wasiopungua 43 walioingia bila ruhusa.

Tena, eneo halali linaweza kufungwa. Likifungwa, wachimbaji wana siku 60 kuondoka, na kadi ya hapo haina kazi tena.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa nauli ya kwenda Lualaba, kuna mambo matatu ya kuuliza: koperative inayokupokea imekubaliwa? Eneo lake liko wazi? Jina la eneo hilo ndilo liko kwenye kadi yako? Jibu moja likiwa hapana, safari hiyo inaishia mikononi mwa askari, au chini ya udongo.