Vishikwambi Babati: Hesabu ya bei na miezi iliyobaki

Mwishoni mwa 2022 Serikali ilianza kuwagawia walimu vishikwambi karibu 300,000, vikiwamo vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya Agosti mwaka huo. Kwa mji kama Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mgao ule ulifanya kazi ambayo tangazo la biashara lisingeiweza: ulikitoa kishikwambi kwenye orodha ya vitu vya anasa ukakiweka mezani pa mwalimu, jirani na daftari la mahudhurio. Sasa vifaa vile navyo vimeanza kuzeeka, na aliyezoea kuandaa somo kwenye kioo kipana harudi kirahisi kwenye simu. Ndiyo maana mnunuzi anayesimama leo mbele ya kabati la duka la simu anajikuta njia panda: achukue cha kizazi kilichopita kwa bei nafuu, au ajikaze anunue cha kizazi kipya?

Muuzaji atajibu kulingana na mzigo alionao. Mnunuzi anatakiwa aulize jambo jingine: kifaa hiki kimebakiza miezi mingapi ya kazi, na kila mwezi utanigharimu shilingi ngapi?

Mzigo na bei yake

Babati inapokea bidhaa za elektroniki kutoka pande mbili kubwa. Upande mmoja ni Arusha, kilomita zipatazo 170 kwa barabara. Upande wa pili ni Kariakoo, Dar es Salaam, hasa Mtaa wa Aggrey na viunga vyake, ambako maduka ya mikoani huagiza mzigo na kuupokea kama kifurushi cha basi. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, iliyozinduliwa mwaka 2018, imerahisisha safari ya mzigo huo.

Kwenye soko hili kuna makundi matatu, na kosa la wengi ni kudhani ni mawili. La kwanza ni kipya cha chapa inayojulikana, ndani ya boksi, na dhamana ya mtengenezaji. La pili ni "used", yaani kilichotumika Dubai, Ulaya au Marekani kikasafishwa na kuletwa. La tatu ndilo lenye mtego: kipya cha jina geni, boksi linang'aa, kimeandikwa ram kubwa na hifadhi kubwa, bei ya kutupwa. Vingi vya kundi hili hubeba prosesa za zamani, na baadhi huonyesha kwenye mipangilio namba ambazo si za kweli. Ni vipya kwa umri wa boksi tu, kwa uwezo ni wazee kuliko "used" ya miaka mitatu iliyolala pembeni yake.

Bei nayo ina historia yake. Mwaka 2021 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili Watanzania wengi zaidi waingie mtandaoni. Mwaka uliofuata msamaha huo ulifutwa. Tangu mwishoni mwa 2025 limeongezeka jambo jingine kutoka nje: chipu za kumbukumbu zimepanda bei duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Kifaa cha bei ya chini ndicho kinachoumia zaidi, maana chipu hizo ni sehemu kubwa ya gharama yake. Kipya kikipanda, "used" haibaki nyuma. Muuzaji naye anasoma soko.

Na fedha ya mnunuzi ina msimu. Mahindi na mbaazi ndizo zinazoamua nani ataingia dukani na lini. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa uagizaji wa mbaazi, bei iliporomoka na wakulima wa Manyara waliisikia hadi mfukoni. Mwenye kipato cha namna hiyo hawezi kubadilisha kifaa kila baada ya miaka miwili. Akinunua, amenunua kwa misimu kadhaa.

Kizazi kimoja, tofauti mbili

Samsung inatoa mfano mzuri kwa sababu vishikwambi vyake vidogo vya familia ya A vinapatikana kwa mapana. Galaxy Tab A7 Lite ya 2021 ina kioo cha inchi 8.7, na toleo lake la msingi lina ram ya GB 3 na hifadhi ya GB 32. Ukitoa nafasi inayochukuliwa na Android yenyewe, picha za WhatsApp za muhula mmoja zinatosha kuijaza. Tab A9 ya 2023 ina kioo cha ukubwa uleule na betri ya uwezo uleule, mAh 5,100, lakini prosesa yake, Helio G99, ina kasi kubwa zaidi, na hifadhi inaanzia GB 64. Hapa kizazi kipya kina maana: mtu anayefungua vitabu vya PDF na kujaza fomu mtandaoni ataiona tofauti siku ya kwanza.

Kisha ikaja Tab A11 mwaka 2025, ikiwa na prosesa ileile ya A9. Kioo kimekuwa laini zaidi macho yanapofuata maandishi, lakini kasi ya kazi haijaruka. Kilichobadilika sana ni ahadi: Samsung imesema A11 itapata matoleo mapya ya Android kwa vizazi saba. Kwa hiyo anayelipia A11 badala ya A9 analipia zaidi miaka ijayo kuliko kasi ya leo. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, anunue miaka hiyo. Ikiwa kubwa, A9 inabaki chaguo la mwenye akili.

Kwa Apple mstari ni mkali zaidi. Mfumo wa iPadOS 26, uliotoka Septemba 2025, uliiacha iPad ya kizazi cha saba, ya mwaka 2019, ukaendelea na ya kizazi cha nane, ya 2020. Kwa sura huwezi kuzitofautisha. Ukiziweka pamoja kwenye kaunta ni pacha. Moja bado inatunzwa, nyingine imeshapita tarehe yake. Kuna jambo dogo lenye uzito pia: iPad ya kizazi cha tisa bado inatumia tundu la chaja la zamani la Apple, wakati kuanzia cha kumi tundu ni la USB-C, lilelile la simu nyingi za sasa. Katika mji ambao chaja huazimwa kwa jirani, hilo si dogo.

Kwa nini tarehe hizi zinamhusu mtu wa Babati ambaye hajali toleo la mfumo? Kwa sababu ya programu anazozitegemea. Kuanzia Januari 2025 WhatsApp iliacha simu na vishikwambi vya Android 4.4 kushuka chini, na Mei mwaka huo ikaacha iPhone zisizofikia iOS 15.1. Programu za benki huwa kali zaidi. Kifaa hakifi kwa siku moja. Kinawaka, kinachaji, kinacheza video, ila siku moja kinakataa kufungua kile ulichokinunulia.

Hesabu ya kila mwezi

Chukua mfano wa hesabu, si bei ya duka fulani. "Used" inauzwa shilingi 250,000 na imebakiza miezi 20 ya kusasishwa. Kipya kinauzwa shilingi 480,000 na kina miezi 48. Gawanya: "used" inakula shilingi 12,500 kwa mwezi, kipya shilingi 10,000. Kile cha bei nafuu ndicho ghali. Lakini muuzaji akishuka hadi 180,000, "used" inakuwa shilingi 9,000 kwa mwezi na mambo yanageuka. Kwa namba hizi mpaka ni shilingi 200,000. Mwenye hesabu hiyo kichwani anajua pa kusimama wakati wa kupatana.

Ongeza na matengenezo. Apple inasema betri ya iPad imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko kamili 1,000. Iliyotumika miaka mitano inaweza kuwa karibu na hapo. Kioo cha kishikwambi ni kikubwa, na kwa modeli isiyo ya kawaida fundi atalazimika kukiagiza Arusha au Dar es Salaam. Kazi ya ufundi simu na vifaa vya elektroniki ni miongoni mwa biashara ambazo Serikali ilizizuia kwa wasio raia kwa amri ya Julai 2025, kwa hiyo ni soko la mafundi wazawa. Kabla ya kulipa, mwulize fundi wa mtaani swali moja: modeli hii umewahi kuibadilisha kioo? Akisita, jumlisha nauli ya Arusha kwenye bei.

Dakika kumi kwenye kaunta

Kishikwambi cha laini kikaguliwe kwanza kwa kubonyeza *#06#. Namba ya IMEI itakayotokea ilingane na ya kwenye boksi, kisha itumwe kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), irudishe jina la chapa na modeli. Jibu likitaja simu nyingine kabisa, rudisha mzigo. Usisahau kwamba TCRA iliwahi kuzima simu bandia nchi nzima, Juni 2016. Kishikwambi cha Wi-Fi pekee hakina IMEI. Kitakula bando kupitia simu yako, na betri za vifaa vyote viwili zitashuka pamoja.

Hatua ya pili ni mipangilio: angalia toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama la mwisho. Tarehe ikiwa ya miaka miwili nyuma na kifaa hakipati jipya, miezi yako iliyobaki ni michache. Hatua ya tatu wauzaji wengine hawaipendi: mwombe akifute kifaa chote mbele yako na kukiwasha upya. Kikidai barua pepe na nywila ya mtu mwingine, kimefungwa, na huenda mwenyewe bado anakitafuta. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kifaa chenye alama ya Serikali kisinunuliwe kwa bei yoyote. Dai risiti.

Nani achukue kipi

Mwalimu anayehitaji vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania anaweza kuridhika na "used" ya chapa nzuri, mradi ina GB 64 na mfumo unaosasishwa. Mzazi anayetaka mtoto asome vitabu vilivyopakuliwa tayari anaweza kushuka zaidi, hata kwenye kifaa kilichoachwa na mfumo, ila asiweke humo akaunti ya fedha. Mfanyabiashara anayelipa na kulipwa kupitia kifaa hicho anunue kipya cha chapa inayojulikana. Hasara ya siku moja ya kukwama inaweza kumeza kila alichookoa. Anayekopeshwa kwa kianzio na marejesho ya kila wiki asome mkataba, kwa kuwa vifaa vingi vya mkopo hujifunga malipo yakichelewa, na ajumlishe marejesho yote kabla ya kugawanya kwa miezi.

Kwa wenye maduka nafasi iko wazi. Kibandiko kwenye kila kishikwambi kinachotaja modeli, mwaka kilipotoka, mwisho wa kusasishwa na siku za dhamana ya duka hakigharimu chochote zaidi ya wino. Atakayekibandika atauza "used" yake nzuri kwa bei inayostahili, na atalazimika kuishusha bei ile mbovu. Mteja aliyezungushwa mara moja na boksi linalong'aa atajua pa kwenda msimu ujao wa mbaazi.