Vifaru vya Karanga na Mafundi wa Nyuma ya Nyumba

Gari likitelekezwa nyuma ya nyumba, majani yakaota hadi dirishani na kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva, watu husema limekufa kwa uzee. Mara nyingi si kweli. Chuma cha injini ya dizeli ya zamani hakina haraka ya kufa. Kinachokwisha ni ringi, gasketi, beringi, mipira na nyaya, yaani vitu vinavyobadilishika. Linaloliua gari kukuu ni kukosa mtu mwenye subira anayelijua kwa sauti na kwa harufu, na anayeishi karibu nalo. Hoja hii inaweza kuonekana ya kijiweni, utetezi wa wanaume wanaopoteza jioni ya Jumamosi wameinamia boneti lililo wazi huku chakula kikipoa ndani. Lakini iko wilaya moja ya Dodoma ambako ilipimwa kwa mamilioni ya pauni, na majibu yake yameandikwa katika vitabu vya historia. Wilaya hiyo ni Kongwa.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Vita vilikuwa vimekwisha lakini mgawo wa chakula ulikuwa palepale, na Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akapendekeza kwamba Tanganyika ilimwe karanga kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukazunguka nchi, ukarudi na ripoti yenye matumaini makubwa, na serikali ya London ikakubali mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 kwa miaka 6, kwa gharama ya pauni zipatazo milioni 25. Kongwa, kwenye pori la miiba na mibuyu la Ugogo, ndiko kazi ilikoanzia. Tatizo la kwanza likawa matrekta. Viwanda vya wakati huo havikuwa na uwezo wa kutoa mashine nyingi kiasi hicho, kwa hiyo wanunuzi wakaenda kwenye maghala ya jeshi, yakiwemo ya Ufilipino, ambako matrekta ya Wamarekani yalikuwa yameachwa nje baada ya vita. Kampuni ya Vickers-Armstrongs nayo ikachukua vifaru vya Sherman, ikaving'oa mizinga na kuvigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Wazo la kufua panga ziwe majembe ni zuri katika maandiko. Katika gereji lina masharti yake.

Masharti hayo hayakutimizwa. Mitambo mingi iliyoshuka bandarini Dar es Salaam ilikuwa imechoka tayari, na ilikuwa ya aina mbalimbali, kila aina ikidai vipuri vyake. Ilipofika Kongwa ilikuta udongo wenye chembe kali za mchanga ambao ulikula vyuma vya plau kuliko ilivyotegemewa, na ambao kiangazi kikishika hugeuka mgumu kama saruji. Karakana zenyewe zilikuwa bado zinajengwa wakati mashine tayari ziko porini zikivunjika. Madereva walifundishwa mbiombio, na wengi wao hawakuwa wamewahi kugusa usukani. Kufikia katikati ya mwaka 1947 sehemu kubwa ya matrekta, kiasi cha theluthi mbili kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, ilikuwa imelala. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopatikana zilikuwa kama 7,500. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango huo, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mvua na udongo, au cha kiburi cha wakoloni waliopanga kilimo cha Ugogo bila kumsikiliza Mgogo. Hayo yote ni kweli, na mvua peke yake ingetosha kuuzamisha mradi. Ila kuna upande wa gereji ambao husahaulika. Wapo watakaosema kwamba Kongwa inathibitisha ubaya wa mitambo mitumba: ukinunua chakavu utavuna chakavu. Mimi naona inathibitisha jambo jingine. Mashine zile zilinunuliwa kwa wingi, kwa haraka, na watu ambao hawakuwa wazitumie wala wazifungue. Aliyeweka saini London hakumjua atakayeshika spana Kongwa, na mwenye spana hakuwa na njia ya kumweleza aliyeweka saini kwamba kipuri alicholetewa si chenyewe. Ushahidi wa hili ni ubunifu mmoja uliofanya kazi. Huko huko porini watu waligundua kwamba matrekta mawili makubwa yakivuta katikati yao mnyororo mzito wa nanga ya meli, vichaka huangushwa kwa upana mkubwa kwa mara moja. Husimuliwa kwamba oda ya minyororo ilipofika London ilifutwa, kwa kuwa mtu wa ofisini alidhani ni mzaha: nanga ya meli inatafuta nini bara, mamia ya kilomita kutoka baharini?

Miezi hiyohiyo, Uingereza kwenyewe, chakavu kingine cha vita kilikuwa kinazaa matunda. Maurice Wilks, mkuu wa usanifu wa kampuni ya Rover, alikuwa na jipu kuukuu la jeshi la Marekani alilolitumia kwenye shamba lake kisiwani Anglesey. Jipu lilipozidi kuchoka akajiuliza atanunua gari gani badala yake, akakuta halipo. Gari la kwanza la majaribio likaundwa mwaka 1947 juu ya chesisi ya jipu; bodi ikafanywa ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo. Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam. Jipu la Wilks na matrekta ya Kongwa yalikuwa ndugu, watoto wa vita vilevile, yamechakaa vilevile. Tofauti ni kwamba jipu lilikuwa moja, mwenye kulitumia ndiye aliyejua udhaifu wake, na hakuna waziri aliyekuwa anasubiri takwimu zake bungeni. Kwamba Land Rover 109 baadaye ikawa gari la mkuu wa wilaya, la chanjo, la maaskari wa wanyamapori na la padri karibu kila pembe ya Tanzania, na kwamba Oktoba 2024 Arusha ilifurika magari hayo kwenye tamasha lao, ni matokeo ya kitu kilichoanza kama karaha ya mtu mmoja na jipu lake.

Sasa turudi Kongwa ya leo. Ardhi iliyofyekwa kwa vifaru imekuwa ya mifugo kwa miongo mingi, na barabara kuu ya Dodoma na Morogoro inapita Kibaigwa, penye soko la mahindi linalojulikana nchi nzima. Penye soko la nafaka pana malori, na penye malori pana gereji bubu: mwembe au mwarobaini, bati mbili, jeki, boksi la spana, na ardhi nyeusi kwa oili. Wengi wa waliopo hapo wanatafuta riziki. Lakini nyuma yao, majumbani, kuna kundi jingine lisilo na kibao wala bei: dereva mstaafu, mwalimu wa sekondari, mwenye duka la pembejeo, kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana pa kwenda. Hawa wana pikapu au pikipiki ambayo haitembei mwezi huu na pengine haitatembea mwezi ujao, na wanaifungua kwa sababu wanataka kuona ndani. Mitaani chombo cha aina hiyo huitwa spana mkononi, kwa dhihaka. Dhihaka hiyo inastahili kupunguzwa kidogo. Mtu anayesafisha kabureta moja mara kumi kwa hiari yake hatimaye anajua kwa nini hewa na petroli zikikosa uwiano injini hukohoa, na ujuzi huo haumwishii kwenye gari lile.

Ushahidi wake uko barabarani. Mkokoteni wa ng'ombe au punda wenye ekseli ya pikapu na matairi ya gari ni jambo la kawaida katika vijiji vya Dodoma kiasi kwamba hakuna anayeutazama mara mbili, ilhali ni kazi ya uhandisi: beringi za gari hupunguza msuguano, mnyama akabeba zaidi kwa nguvu zilezile. Chuma cha springi, ambacho kimepikwa ili kipinde na kurudi, ndicho mhunzi anachokitafuta kwa visu na zana za kulimia. Injini ya zamani isiyofaa tena barabarani hufungwa mkanda ikazungusha mashine ya kupukuchua mahindi. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa alizeti. Miaka ya 1980, Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mkoani Arusha mashine ndogo ya kukamua mafuta kwa mkono, yenye mpini mrefu unaosukuma pistoni ndani ya silinda. Ilienea katika nchi nyingi za Afrika kwa sababu karakana ndogo zenye mashine ya kuchomelea na ya kukereza ziliweza kuiunda na kuitengeneza. Uingereza iliyatafuta mafuta ya kula Kongwa kwa vifaru, ikayakosa. Mkulima wa kanda ya kati ameyapata kwa mpini wa chuma na, siku hizi, kwa mashine zinazokwenda kwa injini na umeme.

Pingamizi la kwanza ni kwamba ninapamba umaskini. Mzungu hufufua gari la zamani kwa starehe, wataniambia. Sisi tunatengeneza kwa kukosa la kununua. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, lakini mtu mwenye dhiki hutafuta njia ya kufika kesho, na kwa gari njia hiyo ni kufunga waya. Anayekwenda mbali zaidi ya waya, akashusha injini, akapima uchakavu wa silinda, akauliza kwa nini pistoni imeungua upande mmoja, anasukumwa na kitu zaidi ya dhiki. Hamu hiyo ipo kwetu, na kuiita ya Wazungu ni kujinyima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: usalama. Breki ya gurudumu moja ikivuja, wapo wanaobana mpira wake na kuliacha gari likasimame kwa magurudumu matatu. Chesisi iliyokatika huchomelewa juujuu na kupakwa rangi. Hapa siwatetei mafundi wa nyuma ya nyumba hata kidogo. Injini ikifa, gari husimama na mwenyewe ndiye anayepata hasara. Breki ikifa, hasara ni ya mtoto anayevuka barabara. Kwa hiyo mstari uchorwe kati ya mifumo: injini, bodi, nyaya za taa na mashine za shambani ni uwanja wa kujaribu; breki, usukani na chesisi si uwanja huo, mpaka mwenye cheti apitie kazi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na fundi wa gereji bubu anaweza kupewa cheti bila kurudishwa shuleni miaka miwili. Stika ya usalama barabarani iliyobandikwa kiooni haiwezi kufanya kazi hiyo. Oili chafu nayo ina mjadala wake. Wengi huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, jambo linaloeleweka mahali penye mchwa kama Dodoma, lakini kinachomwagwa chini jirani na kisima hakina utetezi.

Wengine watasema zama zimepita. Magari ya sasa yana kompyuta. Ukiwa na spana tu huwezi kitu, na serikali inatoza ushuru wa uchakavu kwa magari ya umri mkubwa yanayoingizwa, wakati Kenya inayakataa kabisa yaliyozidi miaka 8. Sawa. Lakini mwenye kuelewa mwako wa dizeli hufahamu haraka kile sensa inachopima, na kijana aliyezoea kufuatilia waya wa taa kutoka betri hadi swichi ameshavuka nusu ya safari ya kuelewa pikipiki ya umeme. Mwaka 2022 mtangazaji na mchoraji katuni Masoud Kipanya alizindua Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa hapa nchini. Unaweza kubisha juu ya soko lake, lakini huwezi kubisha kwamba mtu asiye na kiwanda cha magari alithubutu. Linganisha na Nyayo Pioneer ya Kenya: Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari mwaka 1986, magari matano ya majaribio yakazinduliwa mwaka 1990, na uzalishaji wa kiwanda haukuja. Wahandisi walikuwa hodari. Kilichokosekana chini yao ni umati wa karakana ndogo za kuwauzia boliti, beringi na gasketi, na za kuwarudishia malalamiko ya watumiaji.

Umati huo haujengwi kwa hotuba, na mahitaji yake ni madogo kuliko tunavyodhani. Kikwazo kikubwa cha fundi wa wilayani ni ukerezaji: shafti ikilika, au silinda ikihitaji kutanuliwa, kazi husafirishwa hadi Dodoma mjini au Dar es Salaam, na gari hulala wiki nyingi likisubiri kitu cha mchana mmoja. Mashine moja ya kukereza ya kukodi kwa saa, chini ya uangalizi wa SIDO, ambalo ndilo shirika la viwanda vidogo tangu 1973, ikawekwa Kibaigwa kwenye eneo lenye sakafu ya saruji, shimo la ukaguzi na pipa la kukusanyia oili, ingewahudumia mwenye lori, mwenye mashine ya alizeti na mwalimu mwenye pikapu isiyotembea. Halmashauri hutenga viwanja vya masoko na stendi bila kuombwa sana. Cha mafundi huachwa hadi wafukuzwe kando ya barabara.