Mlinzi Aliyenyimwa Mafuta ya Taa

Kuna neno lisikikalo kila mahali baada ya msiba: "Ni mapenzi ya Mungu." Mvua ikibomoa nyumba, mto ukifurika usiku na kuchukua watoto, mlima ukitapika moto, neno hilo hutamkwa kwanza na wafiwa ili wajifariji, kisha na wakubwa ili wajikinge. Wafiwa tusiwalaumu. Lakini wakubwa yafaa tuwaulize: mvua ni ya Mungu, ndiyo, je, mfereji ulioziba nao ni wa nani?

Tuutazame mji wa Goma, katika Kivu ya Kaskazini. Umejengwa chini ya mlima Nyiragongo, ambao ni volkano, yaani mlima wenye moto ndani yake. Mlima huo haukuwaficha watu tabia yake. Tarehe 10 Januari 1977 mawe yaliyoyeyuka, yaitwayo lava, yalitelemka kwa mbio yakaua watu vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 yalishuka tena, yakapita katikati ya mji, yakateketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na watu wapatao 120,000 wakakosa makao.

Mlinzi wa mlima huo aliwekwa. Goma ilipata kituo cha wataalamu wa kuchunguza volkano. Kazi yao ilikuwa kupima mitetemeko ya ardhi kwa vyombo vilivyowekwa mlimani, na vyombo hivyo vilileta habari mjini kwa njia ya intaneti. Mwaka 2020 msaada wa Benki ya Dunia uliokitegemeza kituo ulikwisha. Hapakuwekwa fedha za kutosha mahali pake, hata kituo kikashindwa kulipia intaneti. Kwa miezi kadhaa, mpaka Aprili 2021, vyombo vilikaa mlimani bila kuwaambia walinzi neno. Ndiyo kusema, mlinzi alisimamishwa mlangoni, kisha akanyimwa mafuta ya taa.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima ukapasuka.

Haki isemwe. Wataalamu waliolichunguza jambo hilo baadaye walieleza kwamba safari ile mlima haukutoa dalili za wazi katika siku zilizotangulia. Hata kama vyombo vyote vingalikuwa vikisema, onyo lisingalifika saa moja. Je, basi Serikali haina deni? La, deni lake lazidi. Onyo likiwa fupi, kinachookoa ni mpango uliokwisha kufundishwa kwa watu: barabara ipi ifuatwe, wagonjwa wabebwe na nani, watoto wakusanywe wapi, maji ya kunywa yatoke wapi.

Tazameni hesabu ya kwanza iliyotolewa na msemaji wa Serikali. Watu 15 walikuwa wamekufa. Kati yao 9 walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia, 4 walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gereza la Munzenze, na 2 tu waliungua. Baadaye idadi ya waliokufa ilipita 30. Lakini hesabu ile ya kwanza yatufundisha jambo zito: usiku ule fujo ya kukimbia iliwahi kuua kabla ya moto. Na fujo si kazi ya volkano.

Siku 5 baadaye, kabla ya mapambazuko, gavana aliamuru mitaa 10 ya mji ihamwe mara moja, kwa hofu ya moto uliokuwa chini ya ardhi. Watu kama 400,000 wakaondoka, wengine kwenda Sake, wengine Rwanda, wengine kwa meli mpaka Bukavu. Wengi walikuta huko maji safi hayatoshi na mahali pa kulala hapatoshi. Watu waliamriwa waende, lakini huko walikoambiwa waende hapakuwa pametayarishwa.

Mambo ya namna hii hayakuishia Goma. Tarehe 13 Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya 100 mjini Kinshasa. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilifurika huko Kalehe, katika Kivu ya Kusini, ikavikumba vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Kila mara siku za maombolezo zilitangazwa na wajumbe wakatumwa. Maombolezo ni ya haki. Lakini bendera iliyoteremshwa nusu mlingoti haizibui mfereji.

Wengine watasema: "Nchi yetu ni maskini, tutafanyaje?" Tuitazame Bangladesh, nchi isiyo ya matajiri. Mwaka 1970, ilipokuwa bado sehemu ya Pakistan, kimbunga kiliua huko watu wapatao 300,000 au zaidi. Baada ya hapo wakajenga nyumba imara za kukimbilia, wakafundisha vijana wa kujitolea kupita vijijini na kutoa onyo kwa vipaza sauti. Mwezi wa Mei 2020 kilipokuja kimbunga kingine kikubwa, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa mapema, na waliokufa huko walihesabiwa kwa makumi tu. Bahari ilikuwa ileile. Waliobadilika ni watu na mipango yao.

Nasi wa Lubumbashi tusijidanganye kwa kuwa hatuna volkano. Mji wetu umechukua jina la mto, na mto huo hauachi kutafuta njia yake kwenda Kafubu. Mvua zinapoanza, maji hurudi katika mabonde yaliyokuwa yake zamani, na huko hukuta nyumba za watu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 yasema wazi kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Basi kila hati ya kiwanja kilicho katika njia ya maji ina sahihi ya mtu aliyeitia kwa jina la Serikali. Siku ya mafuriko, Serikali haiwezi kusema kwamba haikujua.

Ni kweli, wananchi nao hutupa takataka mferejini na kujenga bila ruhusa. Katika jambo hilo kila mmoja ajihukumu nyumbani kwake. Lakini mwananchi hakusanyi kodi, wala hana mamlaka ya kusimamisha ujenzi. Aliyepewa mamlaka ndiye atakayedaiwa hesabu ya mamlaka hayo.

Basi tufanye nini? Tuulize, na tuulize mapema. Maswali ni matatu. Kwanza, ni nani hasa, kwa cheo chake, aliyekabidhiwa ulinzi wa mito na mifereji ya mji huu? Pili, mwaka huu aliwekewa fedha kiasi gani, na je, zilimfikia? Tatu, mpango wa kuwaokoa watu uko wapi, na ni mtaa gani umekwisha kufundishwa? Wakubwa wa komini waulizwe hayo wakati wa kiangazi, vumbi linaporuka na hakuna akumbukaye maji. Wajumbe wa Bunge la jimbo nao waulizwe kabla ya kikao cha bajeti, ambacho huanza mwishoni mwa Septemba. Mwezi wa Januari, maji yakiwa yamefika magotini, fedha zitakuwa zimekwisha kugawanywa.

Kuuliza hivyo si uasi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye nyumba aliyelipa fundi ana haki ya kwenda mwenyewe kuutazama ule ufa, na kumwuliza fundi udongo aliopewa ameupeleka wapi.