Hakuna GTA 5 ya PSP, na Hakuna Atakayeibana Ikawepo

Kila shule zikifungwa, swali ni lile lile. Kijana anaingia dukani kwangu hapa Chwele, anaweka simu juu ya kaunta na kusema, "Fundi, niwekee GTA 5 ya PSP." Mwingine anatoka Kimilili, mwingine Sirisia, na wengi wao tayari wamechoma bando la wiki nzima wakiitafuta. Wanaamini kosa liko kwenye simu, au kwenye memori kadi, au kwamba fundi wa mji mwingine anayo na mimi nawabania. Basi naliandika jibu hapa, lisomwe na kila atakaye. Hiyo gemu haipo. Haijawahi kutengenezwa, na kuibana hakuwezi kuizaa.

GTA V ilitoka Septemba 2013 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, ikafika kwenye kompyuta Aprili 2015. Rockstar, walioitengeneza, hawakuitoa kwa PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, wala kwa simu. Kwenye kompyuta ilidai nafasi ya GB 65. Diski ya PSP, ile ndogo iitwayo UMD, ikijaa pomoni inabeba GB 1.8. Hata hivyo mitandaoni utaona picha ya Franklin, Michael na Trevor, wahusika wa GTA V, na chini yake maandishi makubwa: "GTA 5 PPSSPP, MB 50 tu, imebanwa sana."

Neno hilo "imebanwa" ndilo linalowapoteza watu, kwa hiyo nitakaa nalo. Programu ya kubana faili hutafuta yanayojirudia. Ikikuta kitu kile kile mahali mia, hukiandika mara moja na kuweka alama kwenye sehemu nyingine tisini na tisa. Ukilifungua faili, kila kitu lazima kirudi kama kilivyokuwa. Kikipungua, gemu inaweza kugoma. Sasa, ndani ya gemu ya kisasa mzigo mkubwa ni video, sauti na picha, na hizo watengenezaji wenyewe walishazibana kabla hazijakufikia. Ukizibana tena hupati kitu. Gemu za PSP zenyewe zina namna yake ya kubanwa, faili zinazoishia na CSO, na hiyo ni kazi halali na ya kweli: nyingine hupungua vizuri, nyingine hazitikisiki. Anayekwambia GB 65 zimekuwa MB 50 anadai amepunguza mzigo zaidi ya mara 1,300. Hapa sokoni tunaijua lumbesa, gunia la viazi lililojazwa mpaka likaota kichwa cha kushonewa kwa kamba. Mwenye lumbesa kubwa kuliko zote hajawahi kuapa kwamba ameingiza viazi vya lori zima kwenye gorogoro.

Ninapofika hapo huja pingamizi la pili, na hili hutolewa kwa kujiamini zaidi: "Lakini simu yangu ina RAM GB 8, yaani imeishinda PSP mbali." Ni kweli imeishinda, ila haisaidii. PPSSPP, programu ambayo Henrik Rydgård aliitoa mara ya kwanza Novemba 2012, kazi yake ni kuifanya simu ijifanye PSP. Gemu inayoendeshwa humo inaamini iko ndani ya PSP, na PSP ya kwanza ilikuwa na RAM ya MB 32, si GB, na katika hizo gemu iliachiwa MB 24. PlayStation 3 na Xbox 360 zilikuwa na MB 512 kila moja, na hata huko GTA V ilienea kwa shida. Nguvu ya simu yako inafanya jambo lingine: inaichora upya picha ya PSP, ambayo asili yake ni nukta 480 kwa 272, ikaikuza mara mbili, tatu au nne mpaka ikang'aa. Mng'ao huo ndio unaomfanya mtu adhani anacheza gemu ya juzi.

Basi ndani ya faili hizo mna nini? Nimefungua nyingi za wateja. Zile zenye heri kidogo ni gemu ya zamani iliyopakwa rangi. Fanya hivi mwenyewe: ukiwa ndani ya PPSSPP, bonyeza picha ya gemu bila kuachia, ukurasa wa maelezo yake utafunguka na utaona namba ya utambulisho. Ukisoma ULUS10041, hiyo ni Liberty City Stories ya 2005. Ukisoma ULUS10160, ni Vice City Stories ya 2006. ULUS maana yake diski ya Marekani, ULES ni ya Ulaya. Kilichobadilishwa ni picha ya mwanzo, nguo za mhusika, pengine magari mawili matatu. Mji ni ule ule.

Nyingine ni ZIP yenye nenosiri. Ukitaka nenosiri unapelekwa kwenye ukurasa unaokuambia uthibitishe kuwa wewe ni binadamu: jaza fomu, weka programu mbili, andika namba ya simu. Nenosiri haliji. Kinachokuja ni ujumbe wa kila siku unaokula salio shilingi kwa shilingi, na mzazi anakuja kuniuliza kwa nini kredo inayeyuka.

Mbaya kuliko zote ni APK. Faili la PSP ni ISO au CSO, halina sababu yoyote ya kuwa programu ya kusakinishwa. APK hiyo ikisakinishwa inaomba ruhusa ya kusoma SMS, na mtoto mwenye hamu ya kuendesha gari la Franklin anabonyeza "Ruhusu" bila kusoma. Kwenye simu hiyo hiyo mama anapokea ujumbe wa M-Pesa na namba za siri za kuthibitisha akaunti zake. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Kupoteza bando kunauma, lakini kumfungulia mgeni asiyejulikana mlango wa pesa za nyumba nzima kwa ajili ya gemu ambayo haipo ni jambo ambalo mtu mzima anayelijua hana haki ya kulinyamazia. Kaka wakubwa mnaowapakulia wadogo zenu, nawaambia ninyi kwanza.

GTA San Andreas nayo ni hivyo hivyo. Haikutolewa kwa PSP. Ila hiyo ina toleo halisi la simu tangu Desemba 2013. Nunua hilo na uachane na "San Andreas ya PPSSPP".

Kwenye soka mambo ni tofauti kidogo na sitaki kuwaonea watu. Yale mafaili yanayoitwa "FC 25" au "eFootball 2025, kamera ya PS5, sauti ya Peter Drury" mengi ni PES ya zamani. FIFA 14 na PES 2014, zote za 2013, ni miongoni mwa gemu za mwisho za soka kwa PSP. Vijana wenye subira wamechukua PES hiyo, wakahamisha wachezaji, wakachora jezi mpya, wakapachika sauti ya mtangazaji. Ndiyo maana ukipakua unapewa ISO pamoja na folda mbili, SAVEDATA na TEXTURES: ya kwanza ina majina na uhamisho, ya pili ina jezi na sura. Ni kazi ya mikono, na mtu akifurahi nayo sina neno. Jina ndilo la uongo. Mwendo wa mpira, akili ya kipa, namna beki anavyochelewa kugeuka, vyote ni vya 2013, na hakuna toleo la mwakani litakalovibadilisha.

Kinachonisikitisha ni kwamba watu wanakimbiza isiyokuwepo huku wakiziacha zilizopo. PSP ilitoka Japani Desemba 2004 na ikauza takriban mashine milioni 80, na si kwa bahati. Chukua God of War: Chains of Olympus ya 2008. PSP ilipotoka, Sony waliifungia gemu kasi ya MHz 222 ili betri isiishe upesi. Mwaka 2007 wakairuhusu ifike 333, na studio ya Ready at Dawn wakaitumia nguvu hiyo yote kumpa shujaa wake Kratos majumba na majitu yanayojaza kioo. Ghost of Sparta, 2010, ikawa bora zaidi. Kubana kwa kweli ni huko: watu wameketi miaka wakiamua kipi kikae na kipi kitoke. Au Vice City Stories, ambayo watu huidharau kwa sababu si namba tano. Hadithi ni ya 1984, Vic Vance ametimuliwa jeshini, na mchezaji ananyang'anya magenge biashara zao moja moja mpaka mji unakuwa wake. Vic anaweza kuogelea kidogo. Toni wa Liberty City Stories akitumbukia majini amekufa. Tekken: Dark Resurrection ya 2006 mpaka leo naiweka juu ya Tekken 6 kwenye mashine hii, kwa wepesi wake. Mwenye mtoto mdogo asiyepaswa kuona damu ampe Daxter, au Patapon, ambapo jeshi linaongozwa kwa ngoma na ukikosa mdundo askari wanasimama tu.

Sasa ya kufanya, haraka. Pakua PPSSPP kutoka Play Store au tovuti yao wenyewe, si kwingineko. Ile ya Gold ya kulipia inacheza sawa na ya bure. Unailipia kumuunga mkono mtengenezaji, kwa hiyo "Gold ya bure" ni mtego. Haihitaji BIOS, anayekuuzia BIOS mkimbie. Programu ni halali, gemu zina wenyewe, na njia safi ni kunakili diski uliyo nayo. Simu ikichechemea, chagua Vulkan na ushushe ukubwa wa picha hadi mara moja au mbili kabla ya kugusa mpangilio mwingine. Hifadhi mchezo ndani ya gemu yenyewe, usitegemee hifadhi ya haraka ya PPSSPP peke yake, maana huweza kukataa ukisasisha programu.

Ukitaka PSP halisi, kumbuka Sony waliacha kuisambaza 2014. Ile "mpya" kwenye kava huenda ni kuukuu iliyovishwa ganda jipya. Fungua mfuniko wa betri: ikiwa imevimba, usiinunue nayo. Betri nene ya PSP-1000 haifungiki kwenye 2000 na 3000. Toleo la E1000 halina Wi-Fi, la Go halina pa kuweka diski. Memory Stick Duo ikiwa ghali, kuna adapta ndogo inayoshika microSD.

Na wawili mnaotaka kupigana Tekken: simu moja iwashe hotspot, ya pili iunganishwe nayo, kisha ndani ya PPSSPP washeni mtandao, seva ya Adhoc iwashwe kwenye simu moja, na ya pili iandikwe anwani ya IP ya hiyo yenye seva. Bando halitumiki hata kidogo.