Kipimamionzi nyumbani: Soma nambari zake bila kuingiwa na hofu

ZAMANI kifaa cha kupima mionzi kilipatikana katika maabara na hospitali kubwa pekee. Siku hizi mtu yeyote aweza kuagiza kimoja kidogo kutoka ng'ambo, akakiweka juu ya kabati na kukisikiliza kikilia mchana kutwa. Kuna wanaokinunua kwa udadisi tu, na kuna wanaokinunua kwa sababu ya uvumi kuhusu mawe yaliyojenga nyumba yao. Wote huishia kuuliza swali moja: Je, nambari hii ina maana gani kwa afya yangu?

Kifaa hiki huitwa Geiger kwa jina la Hans Geiger, mwanasayansi wa Ujerumani ambaye, pamoja na mwanafunzi wake Walther Müller, alikiboresha mnamo 1928. Ndani yake mna mrija wenye gesi. Mwonzi ukiigusa gesi hiyo, umeme kidogo hupita na kifaa hulia mara moja. Kazi yake basi ni kuhesabu.

Msomaji afahamu kwamba hakuna nyumba duniani ambamo kitanyamaza. Mionzi hutoka ardhini, angani, kwenye mawe na hata miilini mwetu, kwa kuwa sehemu ndogo ya potasiamu tunayoipata katika ndizi, viazi na maharagwe hutoa mionzi. Kwa wastani, binadamu hupokea takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na vyanzo vya asili. Mkazi wa Nairobi hupata mionzi mingi ya angani kuliko mwenzake wa Mombasa kwa kuwa anaishi juu zaidi. Na katika mlima Mrima, Kaunti ya Kwale, udongo wenye madini ya thoriamu hufanya vipimo kuwa juu mara nyingi kuliko sehemu nyingine za nchi.

Andika daftarini

Kosa kubwa ni kutazama nambari ya dakika moja na kuikimbilia. Mionzi haiji kwa mpangilio. Ikiwa wastani wa nyumba yako ni milio 20 kwa dakika, dakika hii waweza kuhesabu 13 na inayofuata 28, ilhali hakuna chochote kilichobadilika.

Dawa yake ni subira. Kiweke kifaa mahali pamoja, mita moja kutoka sakafuni. Hesabu kwa saa nzima kisha ugawanye kwa 60. Andika tarehe, saa, chumba na hali ya hewa. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa, na utaijua kawaida ya nyumba yako. Usishangae nambari zikipanda mvua inaponyesha: mvua huteremsha chembe zenye mionzi kutoka hewani, na baada ya saa chache mambo hurejea yalivyokuwa. Aidha, mgeni aliyetoka hospitalini kutibiwa tezi ya shingo kwa iodini yenye mionzi aweza kukifanya kifaa kilie kwa kasi. Huyo afuate masharti aliyopewa na daktari wake.

Mwalimu na kikohozi chake

Mwalimu mmoja alikuja kwangu na daftari la miezi mitatu, limeandikwa kwa unadhifu wa kupendeza. Wastani wake ulikuwa mikrosiveti 0.15 kwa saa. Alikuwa amezidisha kwa saa 8,760 za mwaka na kupata milisiveti 1.3. Kwa kuwa alisoma mahali kwamba mwananchi hapaswi kuzidisha milisiveti 1, aliamini kuta zake ndizo zilizomletea kikohozi, na alikuwa akitafuta nyumba nyingine ya kupanga.

Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini kipimo alichojilinganisha nacho hakikumhusu. Milisiveti 1 ni kikomo cha mionzi ya ziada inayotokana na shughuli za binadamu, kama vile viwanda na mitambo. Mionzi ya asili na ile ya matibabu haihesabiwi humo. Nyumba yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Kikohozi ndicho hakikuwa cha kawaida. Kilikuwa kimemsumbua kwa muda wote huo wa miezi mitatu, amepungua uzani na usiku akitokwa na jasho. Makohozi yake yalipopimwa, alipatikana na kifua kikuu. Alianza dawa za miezi sita, na watoto wake wakapimwa pia, kwani walilala naye katika nyumba ambayo madirisha hayakufunguliwa.

Kisichopimwa

Mionzi ya nyumbani inayostahili kuangaliwa zaidi ni gesi ya radoni, ambayo hutoka ardhini na kujikusanya vyumbani visivyopitisha hewa. Gesi hii huchangia karibu nusu ya mionzi yote ya asili tunayoipata, na baada ya sigara ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu. Mvutaji sigara huathirika zaidi. Kipimamionzi cha kawaida hakiwezi kukuambia kiasi chake. Kuna vifaa maalumu vya kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani lapendekeza isizidi bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo wa hewa, au 300 pale ambapo haiwezekani kushusha zaidi. Kifaa hicho pia hakipimi mawimbi ya minara ya simu.

Lini uwe na wasiwasi?

Nambari zikipanda mara kadhaa juu ya kawaida yako na zikakaa hapo siku nyingi bila sababu, au zikiruka ghafla karibu na kitu kimoja, hasa chuma kikuukuu, ondoka hapo na uwaondoe watoto. Usikifungue wala kukibeba. Mnamo 1987 huko Goiânia, Brazil, watu waliokota chuma cha mtambo wa kutibu saratani katika zahanati iliyoachwa. Kilikuwa na unga wa siziamu uliong'aa, wakaugawa kwa jamaa na majirani. Watu wanne walifariki. Hapa Kenya, taarifa kama hizo hupelekwa kwa Halmashauri ya Kudhibiti Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019, au kituo cha polisi kilicho karibu.

Kwa wengine wote, daftari liendelee, maana ni zoezi zuri. Lakini fungua madirisha kila siku: hewa safi hupunguza radoni na pia viini vya kifua kikuu. Acha sigara. Na ukiwa na kikohozi kinachozidi wiki mbili, mwone daktari, hata kama kipimamionzi chako kinaonyesha mambo ni shwari.